Daftari la Matundu

Bati la zamani lina matundu, na kila tundu lisilopata msumari mpya huingiza maji. Nilijifunza hilo kwa kulowa. Nilipoanza kununua na kuuza vifaa vya nyumba zilizobomolewa hapa Sumbawanga, mteja wangu wa kwanza nilikuwa mimi mwenyewe: mabati kumi na manne, yote nikaezekea jiko langu. Fundi alipigilia misumari pale alipokuta mbao, kama mafundi wote wafanyavyo. Mvua ya kwanza ilinikuta nasonga ugali nimevaa koti la mvua. Mume wangu akaingia, akatazama juu, akatazama sufuria, akasema, "Leo maji ya ugali hukupima."

Nilikuwa nimepima. Mbingu ndiyo iliyoongeza.

Kupima ni kazi iliyonilea. Nilimaliza darasa la saba nikaingia ghalani, nikakaa kwenye mizani ya mahindi miaka kumi na minane. Watu walileta magunia kutoka Kate, kutoka Mwimbi, kutoka vijiji ambavyo mpaka leo sijavifikia, na mimi niliandika uzito wa kila gunia. Hesabu nyingine nilijifundisha kwa kitabu cha jiometri nilichokinunua sokoni kikiwa hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Jina lake silijui. Nilianzia kwenye pembetatu nikaenda mbele, na yaliyokuwa kwenye kurasa zilizopotea nikayakisia.

Mvua ilipokatika nilipanda ngazi na futikamba kutafuta maji yalikopita. Nikakuta matundu yamejipanga mistari minne, na umbali kutoka mstari hadi mstari ulikuwa uleule kwenye kila bati. Si ajabu. Kwenye nyumba yalikotoka, papi, yaani zile mbao nyembamba zinazobeba bati, zilikuwa zimepigiliwa kwa umbali huo. Lakini wazo lililofuata lilinishusha ngazi upesi kuliko umri wangu ulivyoruhusu. Sisi tunapigilia papi kwanza, tunaleta bati, tunatoboa upya, na matundu ya zamani tunayaachia mvua. Kwa nini tusianze na matundu? Pima matundu, weka papi chini yake, na kila msumari utaingia kwenye tundu la zamani na kuliziba. Nilicheka peke yangu uani mpaka kuku wakahama.

Ndivyo lilivyoanza daftari. Kila bati liliingia kwa namba: limetoka wapi, urefu wake, uzito wake kwenye mizani niliyoinunua ghala lilipofungwa, na umbali wa kila mstari wa matundu kutoka ukingo wa chini. Uzito ulinipa raha ya pekee, kwa sababu ulionyesha kwamba bati la zamani mara nyingi ni zito kuliko jipya linalong'aa dukani. Nikishapima, nililiandika bati namba yake kwa rangi nyeupe. Kwa kweli madaftari yalikuwa mawili. Daftari chafu lilikaa nami uani, lina matope na alama za vidole. Daftari safi nilinakili ndani ya nyumba kwa kalamu ya wino na rula, na hilo ndilo nililowaonyesha wateja. Lilikuwa zuri. Nautaja uzuri wake mapema kwa sababu ndio ulioniponza.

Mwaka mmoja niliitwa kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo. Mgeni mmoja alieleza kwa saa nzima habari za uchumi wa mzunguko: kwamba kitu kisitupwe, kirudi kazini, na kwamba wajenzi wengi wanaogopa vifaa vilivyotumika kwa kuwa hawajui historia yake. Nilikaa nimebana daftari kwapani, moyo unanienda mbio kama binti aliyeandikiwa barua. Ulipofika wakati wa maswali nilisimama, nikasoma kurasa mbili za matundu kwa sauti. Mwenyekiti aliniomba nikae.

Fundi wangu ni mzee aliyezaliwa Mwimbi, mwembamba, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata juani. Kwa miezi mingi hakuliamini daftari hata kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Wagonjwa wameamkaje?"

Wagonjwa ni mabati. Alikuwa akinikuta nimepiga magoti, futikamba mkononi, naye anazunguka akitingisha kichwa. "Mama, mimi nimeezeka tangu hujaolewa. Bati unaligonga, linakujibu. Wewe unalihoji kama polisi."

"Na likikudanganya?"

"Likinidanganya mwenye nyumba ananunua ndoo."

Mabati ya habari hii yalitoka Chala. Mwenye duka mmoja alitaka kuezeka upya kwa mabati ya rangi, yale ya msauzi, akaniuzia ya zamani yote sabini na mawili. Nilikwenda mwenyewe kuyaona yakiwa bado juu. Aliyeezeka duka lile, sijui nani na sijui lini, alikuwa mtu wa kunifurahisha: papi zake zilikuwa na umbali sawa kila mahali, na chini ya kichwa cha kila msumari alikuwa ameweka kiduara alichokikata kwenye kandambili ya bluu ili kuzuia maji. Jua lilikuwa limevila viduara vyenyewe, lakini rangi ilibaki. Kila tundu lilikuwa limevaa pete ya bluu.

Yalifika Sumbawanga masika, nikaanza kupima. Sentimita kumi, tisini na tano, mia na themanini, mia mbili sitini na tano. Bati la pili hivyohivyo. La tatu hivyohivyo. Yapo mambo machache duniani yanayofurahisha kama namba inayorudi. Nilikuwa nimefika bati la arobaini niliposikia vilio mtaani. Mzee wa nyumba ya kona alikuwa amefariki.

Kwetu msiba ukitokea kila mtu anatoa alicho nacho. Mwenye turubai analeta turubai, mwenye viti analeta viti, na mwenye mabati anatoa mabati ya kuwakinga wanaopika. Vijana waliingia uani kwangu, wakasalimia, wakabeba kumi na mawili yaliyokuwa karibu na lango. Mimi nilivaa kanga, nikachukua sufuria zangu mbili kubwa, nikawafuata. Mabati yalirudi baada ya siku nne, meusi tititi kwa masizi, yakalazwa chini kabisa, mengine juu yake. Nilimalizia kupima yaliyobaki.

Wiki iliyofuata nilikaa na rula kunakili. Kutoka namba arobaini na moja hadi hamsini na mbili, daftari chafu lilikuwa wazi. Pembeni nilikuwa nimeandika neno moja: msiba. Ningeweza kwenda kuyafukua na kuyapima. Lakini yalikuwa chini ya mengine, mvua ilikuwa inanyesha, na duka lilikuwa moja, fundi mmoja, papi zilezile. Nikaandika kumi, tisini na tano, mia na themanini, mia mbili sitini na tano, mara kumi na mbili, kwa mwandiko mzuri sana. Mvua ilipokatika nikayapaka namba nyeupe juu ya masizi bila kuyapima.

Mwalimu alikuja kiangazi. Ametokea Mbeya, anafundisha hesabu sekondari, na alikuwa amejenga nyumba ya vyumba vitatu kwa matofali ya kuchoma mpaka ikafika usawa wa kuezeka, akakwama hapo. Vyumba alivyopanga mjini vilitakiwa na mwenye nyumba, aliyerudiwa na binti yake na wajukuu. Mwalimu alikuwa amepewa mpaka mwisho wa Oktoba. Mwezi wa Novemba hapa mvua haiulizi kama umeshahama.

Aliketi kwenye benchi langu akasoma daftari safi kwa saa nzima, kidole kikishuka safu kwa safu.

"Dada, nani alikufundisha kuchora majedwali?"

"Magunia."

Akacheka, kisha akafunga daftari akawa mkali kama yuko darasani. "Nisikilize. Walimu wenzangu wanasema naezeka nyumba kwa takataka. Mmoja ameniambia nisisahau kulala na mwavuli. Nikihamia humo halafu ikavuja, sina pa kurudi, na kwenye chumba cha walimu hawataniacha mpaka nistaafu. Usiniambie 'zuri hili, usiwe na wasiwasi.' Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba halitavuja."

Nilichukua karatasi nikaandika: Paa hili halitavuja. Nikatia sahihi na tarehe. Fundi aliyekuwa amesimama karibu aliiangalia karatasi kwa muda mrefu. "Nimeona nyumba inaandikiwa hati," alisema. "Paa kuandikiwa barua ya mapenzi, hii ndiyo mara ya kwanza."

Tulianza wiki ya pili ya Oktoba. Fundi alipigilia papi kwa vipimo vyangu, akinung'unika Kifipa kila nilipomrudisha kwa sentimita moja. Kisha likapanda bati la kwanza. Akalilaza, akachukua msumari, akauingiza kwenye tundu la zamani bila kutoboa chochote, akapiga. Chini ya tundu palikuwa na mbao. Akachukua wa pili. Mbao. Wa tatu. Mbao. Akasimama juu ya kenchi, zile mbao kubwa za paa, kofia ikiwa imeelekea upande mmoja, akanitazama chini kama mtu aliyeonyeshwa kiinimacho.

"Hebu lete lingine," alisema.

Likapanda lingine, na lingine. Alasiri alikuwa anapiga misumari kwa mdundo, anaimba, na mwalimu aliyetoka shuleni moja kwa moja alikuwa chini anaitikia huku anasoma namba moja moja kutoka kwenye daftari. Upepo wa uwandani ulipopita kwenye mabati yaliyosubiri chini, matundu yalipiga mluzi. Mimi nilizunguka ile nyumba mara sijui ngapi bila kazi yoyote. Nilikuwa nimelewa kabisa, na nilikuwa nimekunywa chai tu.

Kesho yake asubuhi likapanda la arobaini na moja.

"Mama!" fundi aliita. "Hili limekataa."

"Limekataa nini?"

"Limekataa kila kitu. Papi iko huku, tundu liko kule. Wamegombana."

"Daftari linasema tisini na tano."

"Basi liambie lipande huku lipime lenyewe."

Nilipanda. Mstari wa pili ulikuwa sentimita sabini na mbili. Tukalishusha, tukajaribu la arobaini na mbili: mia na nne. La arobaini na tatu lilikuwa na mistari mitano badala ya minne. Nilikumbuka ghafla mwandiko ule mzuri. Nilikwenda nyumbani nusu nikitembea nusu nikikimbia, nikarudi na daftari chafu. Nafasi kumi na mbili zilikuwa wazi, na pembeni neno moja.

Mwalimu alikuwa amefika kwa mapumziko ya saa nne. Nilimwonyesha madaftari yote mawili, moja juu ya jingine.

"Mwalimu, hizi kumi na mbili nilizitunga."

Alitazama. "Kwa nini hukuacha wazi?"

"Jedwali lingekuwa baya."

Aligeuka akatazama nyumba yake iliyofunikwa zaidi ya nusu, akatazama mawingu membamba upande wa bonde. "Wanafunzi wangu hunipa jibu hilohilo," alisema. "Huwa nawapa sifuri." Kisha akagonga mkoba wake. "Na ile karatasi uliyonisainia ninayo humu."

Fundi alikuwa bado ameduwaa juu ya yale mabati meusi, anayageuza moja moja. "Lakini hebu njooni muone," alisema. "Haya si kwamba hayafanani na yale. Hayafanani hata yenyewe kwa yenyewe. Hili lina mistari mitano, hili minne, hili limetobolewa na mtu aliyekuwa na hasira. Duka gani lina paa la namna hii?"

Nilisema, polepole, kwamba hayo ndiyo yaliyokwenda msibani.

"Siku ile ya msiba ulipeleka na sufuria?" fundi aliniuliza.

"Mbili."

"Zilirudi?"

"Zilirudi. Nilikuwa nimezitia alama ya rangi nyekundu kitakoni, kama..."

Kila mwanamke wa mtaa wetu huitia sufuria yake alama kabla ya kuipeleka msibani, kwa sababu vyombo vya watu ishirini vikioshwa pamoja hakuna anayejua cha nani. Mimi pia niliweka alama. Kwenye sufuria. Mtu mwenye madaftari mawili ya mabati alikuwa ametoa mabati kumi na mawili yasiyo na hata nukta ya rangi, na siku ile kila nyumba yenye bati ilikuwa imetoa bati. Nilirudishiwa idadi kamili. Hakuna aliyeniibia chochote. Nilirudishiwa mabati ya mtaa mzima.

Fundi ndiye aliyeanza. Alikaa juu ya rundo la mabati akacheka mpaka akashika ngazi asianguke. "Sufuria ina alama!" alisema. "Sufuria!" Mwalimu alijaribu kubaki mkali, akashindwa, akaegemea ukuta wa matofali yake. Na mimi, niliyekuwa na sababu zote za kulia, nilicheka mpaka nikaketi chini. Namba nilizozitunga, kumbe, zilikuwa sahihi. Mabati ndiyo hayakuwa yangu.

"Basi yako yapo mtaani," mwalimu alisema akijifuta macho. "Utayajuaje?"

"Kwa matundu," nilisema. "Na pete za bluu."

Tulitoka sisi watatu mchana uleule baada ya masomo: mimi na futikamba na daftari, fundi na kopo la majivu na kitambaa, mwalimu na kalamu nyuma ya sikio. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya jirani yangu anayefuga kuku. Juu ya banda lake palikuwa na mabati mawili meusi.

"Shoga, samahani, naomba nikupimie banda."

"Banda limefanya nini?"

Nilipima. Kumi. Tisini na tano. Mia na themanini. Mia mbili sitini na tano. Sauti yangu ilikuwa inapanda kila namba. Fundi akachovya kitambaa kwenye majivu, akasugua masizi kuzunguka tundu, akasugua tena, na pete ya bluu ikatokea kama jicho linalofumbuka. Mwalimu alipiga kelele hata jogoo akaruka ukuta.

"Ndiyo maana!" alisema jirani, mikono kiunoni. "Banda lilikuwa linavuja tangu msiba, nikadhani kuku ndio wamelitoboa. Sasa yangu yako wapi?"

"Chini, kwa mwalimu, moja limepakwa namba arobaini na moja."

"Mmelipaka na namba? Basi nalitaka na namba yake."

Kutoka hapo hatukuwa watatu tena. Jirani wa kuku alitufuata, na yule aliyefuatia akamfuata yeye, kila mtu akitaka kujua bati lake liko kwa nani. Manne tuliyakuta kwenye banda la nguruwe, na ilibidi fundi aingie ndani apime kwa chini, akitukanana na nguruwe jike aliyekuwa na watoto. Matatu yalikuwa yamefunika matofali mabichi ya kijana mmoja mfyatuaji. "Mambo, mama? Kwani bati lina kitambulisho?" aliuliza, na mwalimu akamfungulia daftari akamwonyesha kitambulisho. Mawili yalikuwa yameegemea mlango wa seremala. Kila pete ya bluu ilipotokea watu walishangilia kama timu yao imefunga bao. Mama mmoja alilitambua bati lake kwa mwenzake kwa sababu lilikuwa na kona iliyoliwa na trekta, wakakumbatiana. Kabla jua halijashuka mtaa ulikuwa na mabati yanayotembea, juu ya vichwa, kila moja likirudi kwao.

Kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa kwenye nyumba ya kona.

Bibi mjane alitukaribisha jikoni. Alikuwa anakoroga uji wa ulezi. Bati lilikuwa limepigiliwa juu ya mafiga, na sikuhitaji kupima. Moshi haukuwa umefika kwenye ukingo mmoja, na pete zilikuwa zinaonekana, tatu, bluu kabisa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia kelele zenu tangu kwa wenye nguruwe. Ni hili?"

"Ni hili."

"Waliliacha siku ile ya matanga, wakanipigilia hapo nisinyeshewe. Mzee alikuwa amesema atalitengeneza hili jiko." Alisogeza sufuria, akajifuta mikono. "Mwambie fundi alitoe. Lenu ni lenu."

Nilimtazama fundi, fundi akatazama kofia yake, aliyokuwa ameivua. Mwalimu ndiye aliyekuwa na nyumba yenye pengo, kwa hiyo sote tukamtazama yeye.

"Bibi, libaki," alisema. "Sisi tutatumia la kwako."

Kati ya yale meusi, lililokuwa bado halijadaiwa ni lenye namba arobaini na saba, na hilo ndilo la bibi. Nilifungua daftari chafu, nikaandika mbele ya namba hiyo: bati la Chala liko jikoni kwa bibi, linafanya kazi. Kisha nikaandika vipimo vya bati la bibi lililochukua nafasi yake: nane, themanini na moja, mia na tisini, na matundu matatu yasiyo na mstari. Halikulingana na papi zetu hata moja. Fundi aliziba kila tundu kwa kipande cha mpira wa ndani ya tairi na lami, akakitazama, akakibonyeza tena kwa kidole gumba, akashuka ngazi akitingisha kichwa.

Paa lilipokamilika tulifunga madirisha na milango mchana wa jua kali, tukasimama ndani gizani, nyuso juu. Tundu lililo wazi huonekana kama nyota. Tulihesabu nyota mbili juu ya chumba cha kulala. Fundi akapanda akazizima. Kwenye arobaini na saba hapakuwa na nyota. Lakini mpira na lami hukaza vingine kwenye jua na vingine kwenye baridi, na hilo sikuwa na kipimo chake. Nilimwomba mwalimu anirudishie karatasi yangu. Nikaongeza mstari: Isipokuwa labda namba 47, sebuleni, hatua mbili kutoka mlango wa mbele, mkono wa kulia. Hapo sina hakika.

Mwalimu aliusoma mara mbili. Nilitegemea anikemee. Alisema tu, "Mkono wa kulia ukiwa unaingia au unatoka?"

"Unaingia."

"Andika."

Nikaandika.

Alihama siku tatu kabla ya mwezi kuisha. Jumapili ya kwanza ya Novemba, baada ya Misa, walimu wenzake walikuja kuiona nyumba, mimi na fundi tukiwepo, na zawadi waliyoleta ilikuwa ndoo. Kila mmoja ndoo yake, saba, za rangi zote, wamezifunga utepe. Yule wa mwavuli alileta na mwavuli. Mwalimu aliwapokea, akawashukuru, akapanga ndoo sita ukutani. Ya saba, nyekundu, aliibeba mpaka hatua mbili kutoka mlangoni, mkono wa kulia ukiwa unaingia, akaiweka chini.

"Hiyo ya nini?" aliuliza yule wa mwavuli. "Si ulisema halivuji?"

"Kaa unywe chai," mwalimu alimwambia.

Saa tisa wingu lilipanda kutoka upande wa bonde, jeusi, na upepo ukaja mbele yake. Matone ya kwanza yaligonga bati moja moja, kama mtu anayejaribu misumari. Kisha ikamwagika yote. Kwenye nyumba isiyo na dari, mvua ya Ufipa haikuruhusu hata kumsikia aliye kando yako. Watu kumi na zaidi tulisimama na vikombe mikononi, vichwa nyuma, midomo wazi. Juu ya chumba cha kulala, pakavu. Juu ya jiko, pakavu. Yule wa mwavuli alizunguka nyumba nzima akigusa sakafu kwa vidole, akarudi, akatandaza mikono. Nilikuwa nimelibana daftari chafu kifuani.

Fundi alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, kofia pembeni, jicho usawa wa ukingo wa ndoo nyekundu. Akainua kidole kimoja. Tukamwinamia sote. Akachovya kidole ndani ya ndoo, akakitoa, akakionyesha juu kama padri: kilikuwa kimelowa.

Kelele iliyotoka mle ndani iliishinda mvua. Mwalimu alinikumbatia na chai yake yote ikamwagika mgongoni kwangu, lita nyingi kuliko paa lile lilivyowahi kuvuja mpaka leo. "Hatua mbili!" alikuwa anapiga kelele kwenye sikio langu. "Mkono wa kulia!" Yule wa mwavuli alinyakua karatasi yangu, ambayo mwalimu alikuwa ameibandika ukutani, akaisoma, akaitazama ndoo, akaisoma tena, kisha akaniuliza kwa ishara kama ninayo mabati ya darasa lake.

Nilitoa kalamu. Kwenye namba arobaini na saba nilikata maneno "sina hakika," nikaandika: linavuja. Nikamwashiria mwalimu saa yake, akaelewa mara moja, akainua mkono, akaushusha. Tukaanza kuhesabu matone, watu wote, kwa sauti, tukiwa tumeizunguka ndoo.

"Manne kwa dakika," mwalimu alitangaza.

"Matano!" fundi alipaza sauti kutoka sakafuni. "Moja limepita mbavuni, hamkuliona! Mama, usiandike kwanza. Tuhesabu tena."

Tukahesabu tena.